Mfanyakazi Akiachishwa, Hazina Nayo Hupungukiwa

Hapana mfanyakazi asiyejua uchungu wa kukabidhiwa barua ya kuachishwa kazi. Lakini wako wengi, hata miongoni mwa viongozi, wanaodhani kwamba uchungu huo huishia katika nyumba ya yule aliyeachishwa. Hilo si kweli. Barua anayopewa mpishi wa hoteli mjini Arusha hufika pia Hazina, ingawa haikuandikiwa Hazina. Na baada ya muda hufika katika zahanati ya kijiji, ambako dawa zilizotazamiwa haziletwi. Twapenda kulieleza jambo hili leo, kwa kuwa makisio ya mapato na matumizi ya Serikali si hesabu za makarani tu. Ni hesabu za jasho letu.

Na tumtazame mfanyakazi mmoja wa Tanzania Bara apataye mshahara wa shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyowekwa Julai 2021, akisha kutoa asilimia 10 ya mchango wake kwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, hulipa kodi ya mshahara shilingi 14,400. Mwajiri wake akiongeza mchango kama huo, Mfuko hupata shilingi 100,000 kila mwezi kwa ajili ya mtu mmoja. Na hapo bado hajaingia dukani. Akinunua sabuni au bati la kuezekea, ndani ya bei ile imo Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18. Mwenye duka naye hutozwa kodi kwa faida aliyoipata.

Mtu huyu akiachishwa kazi, mifereji yote hiyo hukauka pamoja. Tena si hayo tu. Sheria za mwaka 2018 ziliingiza fao la upotevu wa ajira, nasi twalisifu. Lakini maana yake ni kwamba Mfuko uliokuwa ukipokea kutoka kwake sasa unamlipa. Ndiyo sababu twasema kwamba pigo hili ni la pande mbili: mkono wa kupokea hupungukiwa, na mkono wa kutoa huzidiwa.

Haya si mawazo matupu. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipofunga viwanja vya ndege vya dunia, walikuja 620,867 tu. Fedha za kigeni zilizotokana na utalii zilishuka kutoka dola za Marekani bilioni 2.6 hadi kiasi cha dola milioni 715. Bunge lilielezwa mwaka ule kwamba ajira za utalii, zilizokuwa 623,000, zingeweza kushuka hadi 146,000. Wapagazi wa Kilimanjaro, madereva wa Karatu na wahudumu wa hoteli za Unguja walirudi majumbani, wengi wao bila kosa lolote na bila kujua wangeitwa lini.

Kwa hesabu zilizotolewa na Serikali wakati ule, uchumi uliokuwa ukikua kwa asilimia 7.0 mwaka 2019 ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020. Wako waliofurahi wakasema, “Si tumekua?” Naam, tulikua. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wetu huongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Ukiondoa ongezeko hilo, kilichobaki kwa kila mwananchi ni kidogo sana. Na Serikali inayopanga matumizi yake kwa kutazamia ukuaji wa asilimia 7 haiwezi kumwambia mwalimu apunguze njaa yake, wala kumwambia mdai wa nje angoje. Mapato hupungua, mishahara na madeni hayapungui.

Serikali yoyote ikifikwa na hali hiyo huwa na njia tatu: kukata matumizi, kukopa, au kuongeza kodi. Kukata matumizi ovyo ni kuwaachisha kazi watu wengine na kuukuza ugonjwa ule ule. Kukopa kuna madhara yake, lakini kunategemea fedha hizo zimefanya nini. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa dola milioni 567.25 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na kutokana nao yakajengwa madarasa 15,000. Mwashi alipata kazi, muuza saruji alipata mteja, na mtoto alipata pa kukaa. Deni la namna hiyo laweza kutetewa mbele ya watakaolilipa.

Njia ya tatu ndiyo iliyotutia mashaka. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala. Nia ilikuwa njema: vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini. Lakini ni nani aliyekuwa akipokea fedha kwa simu wakati ule? Ni yule yule mpagazi aliyekosa kazi, akisaidiwa na ndugu yake. Kwa hiyo tozo ilikuwa ikiukata msaada wenyewe. Wananchi walinung'unika, na Septemba mwaka ule ule Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kuilegeza. Kusikia huko kulikuwa ni hekima, lakini ingefaa zaidi wananchi wasikilizwe kabla.

Jirani zetu wa Kenya walishika njia nyingine. Aprili 2020 walishusha kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kutoka asilimia 30 hadi 25, kisha wakakirudisha Januari 2021. Jambo hilo liliwafaa waliobaki kazini. Walakini msamaha wa kodi ya mshahara haumfikii asiye na mshahara.

Basi yatupasa tufanye nini? Kwanza, akiba haiozi: katika miaka ya neema Serikali iweke kando sehemu ya mapato, ili mwaka wa shida usiwe mwaka wa kubuni tozo. Pili, kazi za ujenzi zenye manufaa ziwe zimekwisha kupangwa, zingoje tu siku ajira zitakapopungua. Tatu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana na chama cha wafanyakazi kabla ya kupunguza watu. Mashauriano hayo yasigeuzwe kuwa kikao cha kutangaza majina. Mara nyingi kupunguza saa za kazi kwa wote kwa muda mfupi ni bora kuliko kuwafukuza nusu yao.

Nasi wafanyakazi tuna wajibu. Tuwadai viongozi wetu maelezo ya bajeti kama tunavyodai mshahara wetu, na tusingoje hadi barua itufikie. Mwenye kulinda kazi ya mwenzake hamfadhili mtu. Analinda zahanati yake mwenyewe na dawati la mtoto wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hugharimiwa na sisi sote.