Tuuhukumu mtego kabla ya mtegaji

Watu wakisikia kazi ninayofanya huku Maine, jimbo la pembeni kabisa kaskazini-mashariki mwa Marekani, huniuliza mtego gani ni bora kwa biva. Jibu langu huwakera, maana halina jina la mtego. Nawauliza wao: mnachotaka kiondoke ni biva, au ni maji? Anayejibu "maji" huenda asihitaji mtego hata mmoja. Anayejibu "biva" bado ana maswali matatu mbele yake: mnyama atachukua muda gani kufa, nani mwingine anapita njia hiyo hiyo, na nani atakuja kuutazama mtego kesho asubuhi. Nadai kwamba maswali haya ndiyo yanayopaswa kutangulia katika kila mjadala wa mitego, huku Maine na kwetu Serengeti, na kwamba mara nyingi tunayaruka.

Kwa asiyemjua, biva ni mgugunaji wa majini mwenye mkia bapa kama mwiko wa ugali. Mkubwa wake huwa na kilo 16 hadi 30. Anaangusha mti kwa meno, anajenga ukuta wa matawi na matope kukatiza kijito, maji yanajaa nyuma ya ukuta, kisha anajijengea nyumba ambayo mlango wake uko chini ya maji. Anaweza kuzama robo saa bila kupumua.

Mimi ni kibarua wa barabara katika mji mdogo, na fungu langu ni makalavati. Biva analipenda kalavati kuliko mhandisi anavyolipenda. Akilitazama, anaona binadamu amekwisha kumjengea ukuta mrefu, yaani tuta la barabara, akasahau tundu moja tu. Akiliziba tundu hilo, bwawa limepatikana. Sisi tunazibua asubuhi kwa uma na ndoana, yeye anaziba usiku. Theluji inapoyeyuka mwezi Aprili, maji yanapanda juu ya lami, yanakula kokoto za pembeni, na basi la shule halipiti. Hapo ndipo simu zinapoanza kulia ofisini na mtegaji anapoitwa.

Mtegaji wetu ni mzee aliyepita miaka sabini, na chombo anachokiamini ni kile kinachojulikana kwa namba tu: 330. Asili yake ni mtego wa Frank Conibear, mtegaji wa Kanada mzaliwa wa Uingereza, aliyechoshwa na kuona wanyama wakiteseka katika chuma kilichobana mguu. Mtego wake uliingia madukani mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni fremu mbili za mraba, kila upande kama sentimita 25, zilizounganishwa katikati na kusukumwa na springi mbili. Biva anapita katikati akiogelea, anagusa nyaya za kufyatulia, fremu zinajifunga shingoni au kifuani. Mzee huulaza mtego katika mfereji mwembamba ambao biva wenyewe wameuchimba, huupigia vigingi huku na huku, na juu yake hukingamisha gogo linaloelea ili biva alazimike kupiga mbizi na kupita palepale palipo na mtego.

Kwa swali la kwanza, la muda, 330 ina jibu. Makubaliano ya kimataifa juu ya mitego, yaliyofikiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kati ya Umoja wa Ulaya, Kanada na Urusi, yanataka mtego wa kuua biva umfikishe kwenye kupoteza fahamu ndani ya sekunde 300. Dakika tano si muda mfupi, na sitamdanganya msomaji kwamba ni kifo cha raha. Lakini ni kipimo, na kilichopimwa kinaweza kulinganishwa na kingine.

Kwa swali la pili, 330 inatisha. Nguvu ile ile inayoua upesi haitofautishi biva na mbwa wa jirani, ndiyo maana majimbo mengi hayaruhusu mtego wa ukubwa huu utegwe nchi kavu. Hata majini, fisi maji hupita mfereji ule ule. Mzee hukunja nyaya za kufyatulia na kuzisogeza upande mmoja wa fremu, ili fisi maji mwenye mwili mwembamba apenye upande wa pili na biva mnene asiweze. Kazi hiyo humchukua dakika moja, na kwangu ndiyo inayomtenganisha mtegaji na mtu mwenye mtego tu. Yeye mwenyewe haingii majini bila kamba mfukoni, kwa sababu chuma kikimnasa mkono, kamba iliyopitishwa kwenye springi na kuvutwa kwa mguu ndiyo itakayomwokoa.

Mtego wa kubana mguu ni mkongwe zaidi. Katika karne ya 19 Sewell Newhouse na jumuiya ya Oneida, jimbo la New York, waliufanya kuwa bidhaa ya kiwanda, ukasambaa kila palipokuwa na biashara ya ngozi. Kwa biva unalazwa chini ya maji pale anapopandia ukingoni, kina cha sentimita 20 au 25, ili unase mguu mpana wa nyuma. Mnyororo wake unafungwa kwenye waya unaoshuka kilindini, wenye kifungo kinachoteleza upande mmoja tu. Biva akishtuka hukimbilia kilindini, kama ilivyo desturi yake, na harudi juu. Msomaji na apige hesabu: mnyama huyu anaweza kuzama robo saa bila pumzi. Maji yakiwa haba ni vibaya zaidi, kwa sababu hafi. Anajivuta mguu usiku kucha. Ulaya iliupitishia marufuku mwaka 1991. Nautendea haki kwa jambo moja: nchi kavu, mbwa aliyenaswa mguu anaweza kufunguliwa akaenda zake nyumbani. Kwa biva, hata hivyo, sioni sababu ya kuuchagua palipo na nafasi ya kuweka 330.

Kitanzi cha waya ndicho chepesi na cha bei ndogo kuliko vyote. Wakati wa baridi mtegaji hutoboa barafu, akashusha mti mrefu uliofungiwa matawi mabichi na kuzungushiwa vitanzi, biva akaja kula na kunaswa. Mikononi mwa mzee wetu swali la tatu, la nani atautazama mtego, lina jibu: ule mti unaonekana juu ya barafu, anarudi kuutazama, na msimu ukiisha anang'oa kila kitu. Zaidi ya hayo, sheria ya Maine inamtaka mtegaji aweke jina na anwani yake kwenye kila mtego. Mtego wenye jina una mtu wa kuulizwa. Naomba msomaji alishike hilo, maana nitalihitaji tukifika nyumbani.

Kuna wanaosema mitego yote ya kuua itupwe, tuwakamate hai na kuwahamisha. Vizimba vipo, kimoja hufunguka mithili ya sanduku la safari na kujifunga juu ya biva bila kumjeruhi. Lakini ni ghali, vizito, na visipotazamwa kila siku huua pia: maji yakipanda, mnyama aliyefungiwa anazama. Halafu unampeleka wapi? Mwaka 1948 idara ya wanyamapori ya Idaho iliwatia biva 76 kwenye masanduku ya mbao, ikawaangusha kwa parachuti zilizobaki baada ya vita, katika milima isiyo na barabara. Mmoja tu alikufa, na waliosalia wakaanza maisha. Kisa hiki hupendwa sana na watetezi wa vizimba, ila husahau kwamba Idaho ilikuwa na mabonde matupu ya kuwapokea. Mji wetu hauna. Bwawa la jirani lina wenyewe, na biva humshambulia mgeni.

Sasa nirudi kwa yule aliyejibu "maji". Biva hujenga anaposikia maji yakitiririka. Mtafiti wa Uswidi, Lars Wilsson, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba hata sauti ya mto ikitoka kwenye spika huwafanya biva warundike vijiti. Ukilijua hilo, unaweza kumdanganya kwa ufundi: unapitisha bomba pana katika ukuta wake, mdomo wa bomba unauzamisha mbali bwawani ndani ya kizimba cha waya, maji yanatoka kimyakimya na biva hajui yanakotokea. Kwenye kalavati unajenga uzio mpana kiasi kwamba kuuziba wote kunamchosha. Skip Lisle aliuendeleza ufundi huu hapahapa Maine miaka ya 1990, alipokuwa mwanabiolojia wa taifa la Wapenobscot, wenyeji wa asili wa jimbo hili. Uzio unahitaji kusafishwa mara kwa mara, na pengine eneo ni finyu mno na haufai. Lakini unapofaa, biva yule yule anabaki, analinda eneo lake, na kuwazuia vijana wa miaka miwili ambao kila majira ya kuchipua wanatoka kwao kutafuta makazi. Ukimuua, nafasi hiyo inajazwa, na mwaka unaofuata unamlipa tena mtegaji.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Kwanza bomba na uzio. Pale visipowezekana, 330 majini, mikononi mwa aliyefundishwa. Kitanzi chini ya barafu kwa mwenye leseni na nidhamu. Mtego wa mguu uende makumbusho. Kizimba kitumike pale tu palipo na bonde linalomsubiri biva.

Jimbo lililo karibu nasi lilifuata njia nyingine. Mwaka 1996 wapiga kura wa Massachusetts walipiga marufuku mitego ya mguu pamoja na ya kubana mwili, wakaacha vizimba. Nia ilikuwa njema, lakini maswali matatu hayakuulizwa. Mtego unaoua polepole na unaoua upesi ilitiwa kapu moja, na mwenye shamba lililojaa maji akabaki na njia chache. Mwaka 2000 bunge la jimbo likalazimika kufungua mlango wa vibali vya dharura vya siku kumi, pale afya au usalama wa watu unapotishiwa. Sheria iliyoandikwa kwa hasira ililazimika kutiwa kiraka ndani ya miaka minne.

Nasi nyumbani tuna kasoro yetu, ya upande wa pili. Mimi ni mzaliwa wa Mugumu, mji ulio karibu na hifadhi ya Serengeti, Tanzania. Kwetu mtego ni waya, mara nyingi uliotolewa kwenye tairi kuukuu lililochomwa, uliofungwa kitanzi na kupangwa kwa mstari vichakani katika njia ya nyumbu. Hauna sauti kama bunduki, hauhitaji risasi, na kijana mmoja anaweza kutega vingi kuliko anavyoweza kurudi kuvitazama. Nyumbu akinaswa kwenye kitanzi kilichosahauliwa anaoza hapohapo. Simba, twiga, fisi na ndama wa tembo nao hupita humo. Kati ya mitego yote niliyoitaja, huu unashindwa maswali yote matatu kwa pamoja: unaua polepole, haumchagui wa kumuua, na hauna jina la mtu.

Lakini sikiliza mijadala yetu ya ujangili. Inahusu mtu: kakamatwa na kilo ngapi za nyama, atafungwa miaka mingapi. Mtu anakwenda gerezani, na vitanzi vyake vinabaki porini vikiendelea kunasa. Ndiyo maana naithamini kazi iliyoanza Serengeti mwaka 2017, ya timu zinazotembea kwa miguu kutegua vitanzi, kwa ushirikiano wa shirika la Frankfurt Zoological Society, hifadhi na kampuni za utalii. Ni kazi inayoanzia kwenye mtego. Isiachwe itegemee hisani ya watalii; iwe na fungu lake katika bajeti, na vijana wa vijiji vya jirani waajiriwe humo kwa mshahara wa siku. Tusiwalipe kwa kila kitanzi wanacholeta, la sivyo tutakuwa tumefungua kiwanda cha vitanzi.

Na kabla ya mtego, tujiulize kama kule kwenye kalavati: tunataka kiondoke nini? Mkulima wa Sagalla, kando ya hifadhi ya Tsavo nchini Kenya, hakutaka tembo afe, alitaka mahindi yake. Mtafiti wa tembo, Dakta Lucy King, na wenzake wakajua kwamba tembo humwogopa nyuki, wakawasaidia wakulima kuzungusha shamba uzio wa mizinga. Mkulima anavuna asali juu ya mahindi. Si kila tembo huzuiwa na nyuki, kama ambavyo si kila biva hudanganywa na bomba, lakini aliyeanza kwa kuijua tabia ya mnyama amefika mbali kuliko aliyeanza dukani.

Kuna watakaosema nachanganya mambo, kwamba Mmarekani anatega kwa ajili ya barabara na mtu wetu anatega kwa ajili ya mboga. Nakubali sababu hazifanani. Njaa inastahili jibu lake, la kitoweo halali na kipato, na hilo ni deni la serikali na halmashauri. Lakini njaa haiufanyi waya wa tairi kuwa na macho. Mbunge atakayesimama bungeni na hoja ya ujangili, kabla hajataja idadi ya miaka ya kifungo, asome kwanza ibara inayohusu waya: nani anauuza, nani ataukusanya porini, na fedha za kumlipa zinatoka fungu gani.