Kanuni ya Ushairi Si Amri

Imeota mizizi katika ushairi wetu imani kwamba kanuni ni amri, na anayeiacha amejitoa kwenye fani. Kijana akisoma shairi lisilo na vina, haulizwi amesema nini. Anaambiwa amekiuka kanuni, basi hilo si shairi. Hata vitabu vya shule vinavyolikubali shairi huru hulieleza kwa kile lisichokuwa nacho: halizingatii arudhi. Imani hii ni potofu na imetudhuru.

Neno lenyewe linaikana. Kanuni tuliipata kwa Waarabu, nao waliitoa kwa Wagiriki. Waingereza walichota canon yao kisima kilekile kupitia Kilatini. Wagiriki walikuwa wamelikopa kwenye lugha za Kisemiti, ambako mzizi wake ni mwanzi. Katika Ezekieli sura ya 40, mtu amesimama langoni ameshika mwanzi wa kupimia; kwa Kiebrania mwanzi huo ni qaneh. Fundi wa Kigiriki aliita kanon ufito ulionyooka aliouweka ukutani ili aone ukuta umepinda wapi. Mchongaji Polykleitos, karne ya 5 kabla ya Kristo, aliliita Kanon andiko lake kuhusu uwiano wa viungo vya mwili.

Mtu atasema asili ya neno haiamui maana yake ya leo. Ni kweli, kwa hiyo tutazame lilivyotumika. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulitoa kanuni 20, na Kanisa la Mashariki lilizitenga kwa jina na sheria za dola, zilizoitwa nomoi. Vitabu vilivyokusanya zote mbili viliitwa nomokanoni, maana walijua si kitu kimoja. Ibn Sina, alipokiita kitabu chake cha tiba Al-Qanun katika karne ya 11, hakuwa akimwamuru mgonjwa apone. Watawala ndio waliolifunga neno hili kwenye amri: katika dola ya Uthmaniya, kanun ilikuwa sheria ya sultani, na Suleiman, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, Waturuki humwita Kanuni hadi leo. Tanzania nako waziri hutunga kanuni chini ya sheria ya Bunge, na ukizivunja unaweza kutozwa faini. Sikio lililozoea kanuni za faini ndilo tunalokwenda nalo kusikiliza mashairi.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi. Ni kazi ninayoiheshimu sana, lakini wako walioisoma kama hati ya mashtaka, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, mwaka 1974 walikuwa tayari na hukumu. Walichosahau ni kwamba vina na mizani havikuwahi kuwa na umbo moja. Utendi una mizani 8 kwa mshororo na hauna vina vya kati. Shairi la Al-Inkishafi lina mizani 10. Tarbia ya mizani 16, yenye vina vya kati na vya mwisho, ilishamiri Mombasa zama za Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19. Muyaka angehukumiwa kwa kipimo cha utendi peke yake, tungemkosa.

Wapenzi wa taarabu ya Unguja wanaijua kanuni nyingine, ile ala ya nyuzi nyingi. Jina ni lilelile. Mpigaji wake huinua na kushusha vijikono vidogo ili nyuzi zikubali makamu ya muziki anayoitaka, na hakuna anayemwambia ameharibu ala.

Naambiwa tukilegeza, kila mtu atakatakata nathari na kuiita shairi. Hilo linatokea, na mengi ya hayo ni mabaya. Lakini ubaya wake hautokani na kukosa vina. Kuna tarbia kamili, mizani 16 bila pengo, ambazo zimekufa tangu ubeti wa kwanza. Kazi ya kupima ni ngumu kuliko kukataza: inataka usikie pumzi inakatika wapi, sauti inabeba nini, neno gani limeingizwa kujaza nafasi tu. Mwalimu anayesahihisha shairi la mwanafunzi, au mhariri anayelirudisha, aonyeshe mshororo uliolegea na aseme kwa nini. Akishindwa, hajalipima bado, na hana haki ya kulikataa.