Wenye baridi yabisi wasikalishwe motoni



Natoa dukuduku langu kuhusu jinsi sisi wa Iringa na Mbeya tunavyowatunza wagonjwa wa baridi yabisi.

Mama yangu mkubwa aliugua ugonjwa huu. Kila asubuhi vidole vilikaza, hata kushika kikombe ilikuwa kazi. Sisi wanawe tukamwambia, "Tulia mama, usijichoshe." Tukampa kigoda karibu na moto, na blanketi. Mwaka haukwisha akawa hawezi kusimama bila kuinuliwa. Tuliulaumu ugonjwa, kumbe na sisi tulichangia.

Jina lenyewe linatupotosha. Wagonjwa wengi husema baridi huzidisha maumivu, lakini baridi ya Mafinga au Uyole si chanzo. Ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo vyake yenyewe, na hata watu wa Pwani hupatwa.

Hospitalini ukali wake hupimwa kwa damu. Katika kipimo cha ESR, damu huachwa saa moja katika kichupa chembamba, kisha hutazamwa chembe nyekundu zimezama milimita ngapi. Ugonjwa ukiwaka, aghalabu huzama upesi. Wengi huogopa kwamba mazoezi yatauchochea moto huo. Sivyo. Huko Uholanzi wagonjwa wapatao 300 walifuatiliwa kwa miaka miwili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2003. Waliofanya mazoezi ya nguvu waliweza kazi zao vizuri zaidi, wala ugonjwa haukuzidi. Tahadhari ilitolewa kwa wale ambao magoti au viungo vingine vikubwa vilikwisha kuharibika.

Sisemi mgonjwa apewe jembe akalime mlimani huku viungo vimevimba. Jembe halina kipimo. Zoezi lina kipimo. Atembee, akunje na kukunjua vidole, ainuke kitini mara kadhaa, aongeze kidogo kidogo. Dawa za daktari asiziache hata siku moja.

Naiomba Wizara ya Afya iwafikishe wataalamu wa mazoezi ya viungo hadi vituo vya afya vijijini, kwani mwenye viungo vibovu hawezi kupanda basi kila wiki kwenda mjini. Nasi ndugu tumshike mgonjwa mkono atembee. Huruma ya kumkalisha inamlemaza.

Msomaji wako,
Mafinga, Iringa.