Muuaji hazaliwi na panga mkononi

Katika komini ya Kimemi, mjini Butembo, mazungumzo yanaanza namna moja kila mara redio inapotangaza kwamba watu wengine wamechinjwa upande wa Beni, Lubero ao Mambasa. Kwenye parking ya wamotari, sokoni, kwenye nyumba zinazolaza familia tatu za wakimbizi wa vita chini ya bati moja, swali ni moja: mtu anayefunga mwenzake kamba na kumkata, kisha kesho anarudia, ametoka wapi? Wengine wanajibu kwamba hawa si watu. Wengine wanasema ni dawa wanazopewa porini. Na kuna jibu la tatu, linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba ni damu: ati kuna watu wanaozaliwa wauaji, na aliyeonja damu hawezi kuacha.

Jibu hilo la tatu ndilo lenye hatari kubwa. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kwa wingi ndani na kandokando ya mji wa Beni, ADF wameteka watoto na vijana wengi mashambani na vijijini. Baadhi yao wanarudi. Mtoto akifika nyumbani na jirani ameshaamua kwamba damu yake imeharibika, mtoto huyo hana tena mahali pa kwenda ila kule alikotoka.

Kwanza lazima kutenganisha aina mbili za wauaji ambazo mazungumzo ya mitaani yanazichanganya. Kuna muuaji wa peke yake, anayewinda watu mmoja baada ya mwingine kwa siri. Rwanda walimwona wao mwaka wa 2023: Denis Kazungu, mkaaji wa Kigali, aliyekuwa akivuta wanawake mpaka nyumbani kwake, wengi akiwatoa kwenye mabaa, kisha miili anaifukia ndani ya shimo jikoni. Aligunduliwa kwa sababu ya deni la nyumba. Alikubali makosa, na Machi 2024 korti ikamhukumu kifungo cha maisha kwa kuua watu 14. Kenya nako, Julai 2021, polisi walimkamata Masten Wanjala, kijana aliyewaambia kwamba aliua zaidi ya watoto 10. Walimwita mnyonya damu. Miezi mitatu baadaye alitoroka mikononi mwao, akafika Bungoma, na watu wakamuua kabla kesi haijaisha. Wazazi wa watoto wale hawakusikia tena neno lolote kutoka kinywani mwake. Wale wa Butembo wanaosifu haki ya mikono, ile ya mawe na tairi, wangefikiria wazazi hao.

Aina ya pili ni muuaji wa kikundi. Huyu anaua kwa amri, pamoja na wenzake, na mbele yao kuua ni sifa. Wachinjaji wa Beni ni wa aina hii ya pili. Elimu juu ya aina ya kwanza inasaidia kuelewa ya pili, lakini hazilingani.

Sasa, habari ya damu. Si mpya. Mwaka wa 1876 daktari mmoja wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai kwamba mhalifu anazaliwa mhalifu, na kwamba anaweza kutambuliwa kwa taya, masikio na umbo la kichwa. Wataalamu walishaitupa elimu hiyo zamani. Lakini mpaka leo, kwenye vizuizi vya barabara, kuna watu wanaofanya kazi ya Lombroso bila kumjua: wanaangalia uso wa msafiri, nywele zake, namna anavyotamka jina la kijiji, na hukumu imeshatoka.

Waliokuja baada yake walitazama ndani ya kichwa. Mwaka wa 1997, Adrian Raine na wenzake nchini Marekani walipima ubongo wa watu 41 walioshitakiwa kwa kuua na kuulinganisha na ule wa watu wengine 41. Kwa wauaji, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia hasira na kumwambia mtu ngoja kwanza, ilikuwa inafanya kazi kidogo kuliko kwa wengine. Ni jambo la kweli na lina uzito. Ajali ya kichwa, utapiamlo wa utotoni, pombe ya mama mwenye mimba, vyote vinaweza kudhoofisha sehemu hiyo.

Lakini kuna kisa cha James Fallon, mwalimu wa chuo kikuu huko California, aliyechunguza picha za ubongo kwa miaka mingi. Siku moja, kati ya picha za watu wa familia yake, alikuta moja yenye alama zote za mtu asiye na huruma. Akatafuta ni ya nani. Ilikuwa yake mwenyewe. Fallon hakuua mtu. Alikuwa na mke, watoto, kazi, na alipoulizwa kwa nini hakugeuka mnyama, jibu lake lilikuwa kwamba alilelewa kwa mapendo.

Utafiti wa New Zealand unaenda upande huohuo. Watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mjini Dunedin mwaka wa 1972 na 1973 walifuatiliwa tangu utoto mpaka ukubwani. Mwaka wa 2002 wataalamu walitangaza walichoona kwa wavulana: kuna jeni moja, inayoitwa MAOA, ambayo kwa wengine inafanya kazi kwa nguvu na kwa wengine kwa udhaifu. Wenye jeni dhaifu ambao pia waliteswa utotoni ndio waliozidi wengine kwa ujeuri na uhalifu. Wenye jeni ileile dhaifu lakini hawakuteswa hawakuonyesha tatizo hilo. Kwa lugha ya shamba, mbegu peke yake haikutosha. Na wala mateso peke yake hayatoshi, maana maelfu ya watoto wa Oicha na Eringeti wameona mambo ambayo hakuna mtoto angepaswa kuyaona, na leo ni wanafunzi, washonaji, wamotari, wauzaji wa mafuta ya mawese.

Basi porini mtu anageuzwaje? Mfano unaojulikana vizuri zaidi ni wa jirani, Uganda. Dominic Ongwen alitekwa na LRA ya Joseph Kony akiwa na umri wa miaka kama 9, akielekea shule. Alipigwa, akazoezwa, akapandishwa cheo mpaka akawa kamanda wa wale waliomteka. Wengi waliopita njia hiyo wanaeleza hatua zinazofanana: unabadilishwa jina, unakatazwa kulia na kutaja nyumbani, unalazimishwa kushiriki kumpiga ao kumuua mmoja aliyejaribu kutoroka, ili ujione umeshachafuka na huwezi kurudi. Halafu zinakuja zawadi: chakula, silaha, cheo, mke asiyeulizwa kama anataka. Kwa ADF nako, waliotoroka wamesimulia habari za majina mapya, watoto wa kiume kupewa mafunzo ya silaha na wasichana kuozeshwa kwa nguvu.

Wataalamu wa chuo kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliozungumza na wapiganaji wa zamani hapa mashariki mwa Congo, walikuta jambo linalochukiza kusikia: baadhi walisema kwamba baada ya muda kupigana kulianza kuwapendeza, kama uwindaji. Hasa walioingia vitani wakiwa wadogo. Hiyo ndiyo ile ladha ya damu inayosemwa mitaani, lakini watu hao hawakuzaliwa nayo. Waliipata, na njia waliyoipatia inajulikana.

Wapo wanaorahisisha kwa kusema ni dini. Hao wakumbuke tarehe 1 Mei 2021, pale imamu Ali Amini alipopigwa risasi ndani ya msikiti mkuu wa Beni wakati wa swala, mtu aliyekuwa akisema wazi kwamba wauaji hawa hawafuati Uislamu. Siku zilizofuata sheki mwingine aliuawa Mavivi. Mkristo wa Mbau na Mwislamu wa Beni wanalala na hofu moja.

Mama aliyezika watoto wake ana haki ya kuuliza: maelezo haya yote ni ya kumsamehe nani? Hakuna. Ongwen alipofikishwa mbele ya Korti ya Kimataifa ya jinai, La Haye, mawakili wake walidai kwamba alikuwa mgonjwa wa akili na alifanya yote kwa kulazimishwa. Majaji walikataa. Februari 2021 walimkuta na hatia ya makosa 61, na Mei ya mwaka huo wakampa miaka 25. Wangeweza kumpa kifungo cha maisha; walisema wazi kwamba utekaji wa utotoni uliwafanya wapunguze. Kuna walioona adhabu ni ndogo, na kilio chao kinaeleweka. Hata hivyo majaji hao walifanya kitu ambacho mabishano ya Butembo yanashindwa kufanya: walikubali kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mtoto aliyeibiwa na pia mkubwa mwenye hatia. Musa Baluku na makamanda wake wanajua wanachokifanya, na mahali pao ni kortini. Kijana wa miaka 13 aliyebebeshwa gunia la mchele ulioporwa, kisha akapewa bunduki, ni habari nyingine. Sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumuingiza mtu yeyote chini ya miaka 18 katika jeshi ao kikundi cha silaha. Mbele ya sheria hiyo, yeye ndiye aliyekosewa.

Mzazi aliyempokea mtoto wa namna hiyo anaona mambo ya kutisha: anapiga kelele usiku, anakaa amegeukia mlango, anapiga wadogo zake kwa kosa dogo, ao anasimulia kifo bila sura yake kubadilika. Jambo la mwisho ndilo linalowafanya majirani waseme roho imekufa. Mara nyingi ni ubongo uliojifunza kufunga milango ili mtoto aweze kuishi. Kaskazini mwa Uganda, matibabu ya kumsikiliza kijana akisimulia maisha yake yote kwa mpangilio, tangu kabla ya kutekwa, yalijaribiwa kwa watoto 85 waliokuwa wapiganaji, na matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2011 yalionyesha kwamba waliosimulia hivyo walipungukiwa na mateso ya moyoni kuliko wenzao. Waliowahudumia walikuwa watu wa palepale waliopewa mafunzo. Butembo ina vyuo vikuu, ina wauguzi, ina walimu wasio na kazi. Kinachokosekana ni uamuzi wa serkali na wa mashirika kuweka hela hapo, badala ya kumwachilia mtoto siku chache baada ya kuhojiwa na askari.

Na familia ambazo bado zinangoja zina kazi moja ya kufanya sasa, bila kungoja mtu wa Kinshasa. Jina la mtoto aliyetekwa lipelekwe kwa Msalaba Mwekundu na kwa chifu wa kartie, pamoja na jina la utani la nyumbani, jina la kijiji, la shamba, la mwalimu wake wa kwanza, na alama ya mwili kama ipo. Aliyechukuliwa na miaka 6 anaweza kurudi na 15 akijibu kwa jina jingine kabisa, na kitu pekee anachokumbuka kikawa namna bibi yake alivyokuwa akimwita.