Mali Iliyotumikia Maradhi
Mwezi Julai 1938 Howard Hughes, tajiri wa Marekani mwenye kiwanda cha ndege, aliizunguka dunia angani kwa muda wa saa 91. Rubani huyo huyo baadaye alijifungia hotelini kwa kuogopa vijidudu, na watumishi wakaamriwa kwa maandishi wamkabidhi vitu kwa karatasi laini. Yasemwa kwamba mali ndiyo iliyomtia wazimu. Sivyo. Wasiwasi wa namna hii ni maradhi, na maskini huupata vilevile. Kosa la mali lilikuwa jingine: iliwalipa watu waitii hofu yake, wala si kumtafutia tiba. Mwaka 1953 alianzisha taasisi ya utafiti wa tiba. Mwaka 1976 alifariki, amekonda mno, ndani ya ndege iliyokuwa ikimpeleka hospitali.