Kiungo cha trela hupimwa, hakibahatishwi

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Ukweli wa kauli hiyo niliushuhudia katika ukame wa mwaka wa 2022, nilipozuru shule moja ya upili katika sehemu kame za Ukambani ili kuzungumza na wanafunzi kuhusu mtihani wa Kiswahili. Shule hiyo ilikuwa imenunua trela la magurudumu mawili lenye tangi la lita 1,000, ili livutwe na pikapu yake na kuleta maji. Pikapu yenyewe ilikuwa imeinuliwa springi ivuke mito ya mchanga bila kukwama. Fundi aliitwa, akafunga kiungo cha kuvutia trela, na siku iyo hiyo safari ya kwanza ikaanza.

Kiungo hicho kilikuwa kimenyooka, ilhali pikapu ilikuwa imesimama juu sana. Kwa hivyo pua ya trela ilielekea juu mithili ya jogoo anayejiandaa kuwika. Sote tuliliona jambo hilo na hakuna aliyesema neno. Wakati wa kurudi, tangi likiwa limejaa nusu tu, dereva alifika penye barabara tambarare karibu na lango la shule, akaongeza mwendo. Trela likaanza kuyumba kushoto na kulia, kila mara kwa nguvu zaidi, hata likapinduka mtaroni. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Hata hivyo, maji yote yalimwagika mbele ya wanafunzi waliokuwa wakiyangojea na ndoo mikononi.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba nilipoingia katika darasa la kidato cha pili, nilikuta ubaoni mchoro wa wenzo, yaani ule ubao uliokalia egemeo, wenye mzigo upande mmoja na jitihada upande wa pili. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, yamenakiliwa vyema katika kila daftari. Niliuliza kwa lugha ya maelezo hayo ni kwa nini trela lilipinduka. Kimya. Nikauliza tena kwa Kiswahili. Msichana mmoja akainuka na kusema, "Mwalimu, maji yalikimbilia nyuma, na mbele pakawa pepesi." Profesa yeyote wa uhandisi asingeweza kulieleza jambo hilo kwa ufasaha zaidi.

Naam, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Trela la ekseli moja ni wenzo. Egemeo lake ni ile ekseli, na kila kilicho mbele ya ekseli hukandamiza kiungo, ilhali kila kilicho nyuma yake hukiinua. Ili trela litulie barabarani, ni sharti sehemu fulani ya uzito wake ikalie kiungo. Ushauri ulioenea Marekani ni kwamba sehemu hiyo iwe baina ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela na mzigo wake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi tangi la lita 1,000 lililojaa, juu ya trela lenye kilo 300, linatupatia jumla ya kilo 1,300, na kiungo kinapaswa kubeba baina ya kilo 130 na 195. Pua inapoinuliwa, mzigo huelemea nyuma. Mzigo huo ukiwa ni maji yasiyojaa tangi, hayasubiri kusukumwa, bali huteremka yenyewe. Uzito wa mbele hupungua, na trela hupata uhuru wa kuyumba.

Dawa ya maradhi haya si ngumu, wala haihitaji shahada. Inahitaji utepe wa kupimia na mahali tambarare. Kwanza, trela liwekwe sawa, lisiinamie mbele wala nyuma, kisha upimwe urefu kutoka ardhini hadi ndani ya kile kikombe cha chuma kilicho kwenye pua yake. Pili, upimwe urefu kutoka ardhini hadi juu ya tufe la chuma lililoko nyuma ya pikapu, ambalo hukaa ndani ya kikombe hicho jinsi kichwa cha mfupa wa paja kikaavyo ndani ya nyonga. Tuseme kikombe kiko sentimita 50 na tufe liko sentimita 68. Tofauti ni sentimita 18. Ikiwa pikapu hunywea sentimita 3 inapobeba uzito wa trela, basi kiungo kinachohitajika ni kile kilichopindwa kushuka chini kwa sentimita 15. Kwa hesabu hiyo, ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza, trela hulala sawa.

Hata hivyo, kimo peke yake hakitoshi. Kila sehemu, yaani pikapu, kiungo, tufe na trela, ina kikomo chake cha uzito, na kikomo kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Haifai kujigamba kwamba kiungo kinavuta kilo 3,000 ilhali tufe lake ni la kilo 1,500. Aidha, kadiri kiungo kinavyoshuka zaidi ndivyo kinavyozidi kulikunja tundu linalokishika, kwa kanuni iyo hiyo ya wenzo. Ndiyo sababu chuma cha kushukia hakipaswi kuungwaungwa kwa mabaki ya vyuma, bali kiwe kimetengenezwa kwa kazi hiyo na kupigwa chapa ya uzito wake.

Isitoshe, kuna suala la ukubwa wa tufe. Ulaya hutumia tufe la milimita 50, ilhali Marekani hutumia matufe ya inchi, na mojawapo lililo maarufu ni la inchi 2, ambazo ni milimita 50.8. Tofauti ya milimita 0.8 haionekani kwa macho. Lakini tufe dogo ndani ya kikombe kikubwa huchezacheza, nalo kubwa huenda lisikae barabara katika kikombe kidogo, na kufuli likadhaniwa limefunga. Kwa kuwa magari na vipuri vyetu hutoka pande zote za dunia, ni wajibu wetu kusoma nambari iliyochongwa juu ya tufe na juu ya kikombe kabla ya kulipa hata senti moja. Na hata vikiafikiana, minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya pua ya trela, ili tufe likichomoka, pua iangukie minyororo badala ya kuchimba barabara.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wako watakaosema kwamba barabara zetu ni mbovu, na kiungo kilichoshushwa kitagonga mawe. Ndugu zangu, pua ya trela lililolala sawa iko katika kimo icho hicho. Palipo na nafasi ya pua kupita, kwa kawaida tufe nalo litapita. Zaidi ya hayo, kiungo kinachochomekwa katika tundu la mraba huchomolewa safari inapokuwa haina trela. Wengine watasema tuliinue trela lifikie pikapu. Hiyo ni kuongeza kosa juu ya kosa, maana mzigo uliopandishwa juu hupinduka kwa urahisi zaidi. Wako pia watakaomlaumu fundi. Simlaumu mimi. Aliambiwa afunge kiungo, na hakuna aliyempa kipimo.

Hapo ndipo lilipo kiini cha hoja yangu. Uwanjani siku ile walikuwapo walimu wa fizikia na hisabati, na mimi mwenye shahada ya uzamifu. Ujuzi wote uliohitajika ulikuwa umesimama pale, ukitazama pua iliyoinuka. Ulikosa kunena kwa sababu tumeuzoesha kukaa ubaoni na katika lugha ya mtihani, hali dereva, fundi na mwanafunzi wanasemezana kwa lugha nyingine. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Maneno ya fizikia nayo hayakosekani: wenzo, egemeo, jitihada na kani yamo vitabuni, na watoto wa shule za msingi nchini Tanzania wamefunzwa sayansi kwa maneno hayo miaka nenda miaka rudi. Sisemi kwamba Kiingereza kifukuzwe darasani. Nasema kwamba somo lisilotafsirika hadi kwa dereva halijafundishwa likaisha.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: mnapofika kwenye mada ya wenzo, watoeni wanafunzi nje. Wapeni utepe, wapime pikapu ya shule, mkokoteni wa maji au trela la jirani, kisha wamweleze dereva kwa Kiswahili walichokipata. Nanyi wanafunzi, msione haya kuwauliza wakubwa wenu ni kwa nini pua ya trela inatazama mbinguni. Yule msichana alilijua jibu, ila hakuna aliyemwuliza kabla ya safari.