Kocha naye ana mkataba: neno la mtu wa Lupopo

Mimi ni mtu wa Lupopo. Nalisema hili kwanza, ili mtu asisumbuke kutafuta niko upande gani. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na kwetu nyumbani rangi zilikuwa mbili tu: buluu na manjano. Mtoto aliyevaa nyeusi na nyeupe aliulizwa kama anaenda kwenye kilio.

Leo nimepita miaka makumi ine. Nafanya kazi mgodini, na wenzangu wamenichagua kuwa delege wa sendika. Watu wananijua kwa mambo mawili: siku za kazi natetea mikataba ya wafanyakazi, siku ya yenga napiga kelele kwenye Kibassa Maliba. Nilifikiri mambo haya mawili hayajuani. Kumbe yanajuana sana.

Kulikuwa derby moja, si zamani sana. Mazembe walitupiga. Firimbi ya mwisho haijalia bado, sisi tulikwisha kusimama na kuimba neno moja: «Kocha aende! Aende leo! Asilale hapa!» Sauti yangu ilikuwa juu ya zote, maana mtu wa sendika haitaji maikro. Kocha alisimama peke yake karibu na mstari, mikono nyuma, macho chini. Nilirudi nyumbani bila sauti, lakini na roho safi, kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Kesho yake asubuhi, kijana mmoja alinifuata kwenye mlango wa mgodi. Alikuwa anafanya kazi kwa kampani ndogo, moja ya zile zinazochukua kazi kwa kampani kubwa. Kadi yake ya kuingilia ilikatazwa mlangoni. Hakuna mukanda, hakuna sababu, hakuna preavi, ndiyo zile siku za kumuonya mtu mbele ya kuvunja mkataba wake. Askari wa mlango alimwambia tu: «Jina yako haiko tena.» Nilikasirika. Nikatoa Code du travail kwenye mfuko, nikaanza kumwonyesha haki zake.

Kijana huyo ni mtu wa Mazembe. Jana yake alikuwa uwanjani, upande ule mwingine. Aliniangalia, akasema: «Yaya, nakushukuru. Lakini jana nilikusikia. Ulisema kocha aende palepale, asilale. Leo juu yangu unatafuta preavi. Kocha yeye hana batoto?»

Sikupata jibu. Na delege asiyekuwa na jibu ni jambo la ajabu, uliza wote wanaonijua.

Tangu siku ile nimefikiri sana, na leo nataka kusema na ndugu zangu wa Lupopo waziwazi: sisi wenyewe, kwa midomo yetu, tunafanya timu yetu kama kampani ile ndogo. Kocha kwetu ni mfanyakazi wa siku. Akishinda, ni mfalme. Akipoteza derby moja, tunataka kadi yake ifungwe.

Sheria inasema nini? Code du travail ya kwetu ni ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inasema bwana wa kazi hawezi kuvunja mkataba usiokuwa na mwisho bila sababu ya haki, inayotoka kwenye uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, ao kwenye mahitaji ya kazi yenyewe. Inasema pia preavi haiwezi kuwa chini ya siku 14 za kazi, na kila mwaka mzima mtu aliofanya unaongeza siku 7. Mfanyakazi wa miaka 5 ana siku 49. Na mkataba wenye tarehe ya mwisho, kama unauvunja mbele ya tarehe bila kosa kubwa, lazima kulipa. Mambo haya nimeyafundisha kwenye mikutano hata watoto wangu wanayajua kwa kichwa.

Sasa angalieni. Mwaka huo huo wa 2002, Lupopo tulikuwa mabingwa wa Kongo. Nilikuwa kijana, nilipanda juu ya lori, niliimba mpaka asubuhi. Ni ubingwa wa mwisho niliouona kwa macho yangu. Tangu pale sheria ya kazi imezeeka, mimi nimeota mvi, na bado tunasema ule wimbo mmoja: «Kocha aende.» Kama kumfukuza kocha kungekuwa dawa, sisi tungekuwa tumepona zamani.

Najua mtu atanijibu: «Weye delege, usilinganishe. Kocha si maskini. Anakuja na mwanasheria wake, mshahara wake kwa mwezi unapita wako kwa mwaka.» Ni kweli. Simlilii kocha. Nalilia timu. Kocha anayefukuzwa mbele ya tarehe anaondoka na feza, na feza hiyo ingelipa viatu, basi la safari, daktari wa magoti ya wachezaji. Anayekuja nyuma yake hataki wachezaji wa yule wa kwanza, anataka wake. Mimi naona jambo hili kila msimu: beki wa kati na kipa hawajajuana bado, mmoja anasema «yangu», mwingine anasema «yangu», na mpira unapita katikati yao. Hapo tunakasirika tena, na wimbo unaanza tena.

Mgodini tunajua jambo hili vizuri. Timu ya kazi inayobadilishwa kila mwezi ndiyo timu inayopata ajali. Si kwa sababu watu ni wabaya. Ni kwa sababu hakuna anayejua mwenzake atageuka upande gani.

Mwingine atasema: «Na Mazembe je? Wao hawafukuzi?» Hili ni jibu la nguvu, na sitalikimbia. Mwaka 2009 Mazembe walichukua kombe la mabingwa wa Afrika na kocha Diego Garzitto. Mwaka 2010 walilichukua tena, lakini na kocha mwingine, Lamine N'Diaye wa Senegal. Ndiyo, wao pia wanabadilisha. Lakini angalieni kinachobaki pale kocha anapoondoka. Rais ni yule yule, Moïse Katumbi, tangu 1997. Uwanja ni wao, pale Kamalondo, tangu 2011. Shule ya mpira ya vijana ni yao. Kocha mpya anaingia katika nyumba yenye ukuta na paa, anabadilisha tu kitanda. Sisi tunamwambia kocha mpya ajenge nyumba, na mbele ya kufika dirishani tunamuuliza kwa nini mvua inaingia.

Inaniuma kuandika haya. Mtu wa Lupopo kuwasifu Mazembe katika gazeti, mbele ya watu wote! Baba yangu angenitoa mezani. Lakini katika sendika tulijifunza kwamba unayeshindana naye ndiye mwalimu wako wa kwanza. Ukienda kuzungumza na wakubwa wa kampani bila kujua nguvu yao inatoka wapi, utatoka pale na sigara na kalamu ya zawadi, mshahara ukiwa ule ule.

Tena, adui ni nani hasa? Timu hizi mbili zilizaliwa mwaka mmoja, 1939, katika mji mmoja. Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto, kwa vijana wa shule ya Saint-Boniface, na jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges. Sisi tulipata jina la Saint Éloi, mtakatifu wa watu wanaofua chuma. Mmoja mtoto wa shule, mwingine mtoto wa nyundo: ni ndugu wa nyumba moja, wanagombana juu ya sahani.

Miaka miwili nyuma ya pale, tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mshahara. Walikusanyika wapi? Kwenye kiwanja cha mpira, hapa hapa katika mji wetu, zamani ukiitwa Élisabethville. Askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake, alikufa pale. Risasi haikuuliza mtu ni wa timu gani. Kila mara naposimama uwanjani na kusikia watu wakitukana mama ya mwenzao juu ya rangi ya flana, nafikiri wazee wale. Wao walisimama pamoja kwenye kiwanja cha mpira, na ilikuwa juu ya posho ya watoto.

Na sisi? Baada ya ile derby, mkutano wetu wa sendika juu ya mikataba ya vijana wa kampani ndogo ulikufa. Watu wa Lupopo walikaa upande huu, watu wa Mazembe upande ule, kwa sababu ndani ya basi la kazi walikwisha kutupiana maneno mabaya na kushikana mashati. Mtu akitoa wazo zuri, upande mwingine wanacheka. Tuliachana bila kupatana jambo. Wakubwa wa kazi hawakutumia hata franga moja kutugawanya, tulijigawanya bure. Yule kijana wa kadi iliyofungwa alikaa katikati, kichwa chini, kama kocha wetu siku ya yenga.

Niwaambie pia siri moja. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe walipiga Internacional ya Brazil mabao mawili kwa sifuri, Kabangu na Kaluyituka, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya dunia ya vilabu. Nilikuwa kwa jirani, mbele ya televizyo. Nilikuja kuwaombea mabaya. Lakini Kidiaba alipokaa chini na kuanza kurukaruka kwa makalio, nilijikuta niko chini, naruka naye. Bibi yangu aliniona. Nilimwomba asimwambie mtu, na ametunza siri mpaka leo, mimi mwenyewe ndiye naivunja. Finali Inter Milan waliwapiga tatu kwa sifuri. Asubuhi nilicheka na wenzangu wa Lupopo, lakini kicheko kilikuwa cha mdomo tu.

Basi, naomba nini? Mambo matatu.

La kwanza: tukimpokea kocha, viongozi waseme mbele ya watu wote anaombwa nini na kwa muda gani. Nafasi ya ngapi, vijana wangapi wa kwetu kupandishwa. Kama ni misimu miwili, iwe misimu miwili. Tarehe ikifika tunapima. Asiyefikisha, aende kwa heshima na haki yake mkononi. Sisemi kocha asifukuzwe kamwe. Nasema awe na sababu ya haki na siku zake, kama mtu mwingine yeyote wa kazi.

La pili: sisi wa jukwaani tuimbe majina ya wachezaji mpaka firimbi ya mwisho. Hasira tuipeleke kwenye mkutano wa mashabiki, kwa maneno na maandishi. Huko ndiko kunakobadilika kitu. Uwanjani hasira yetu inampa nguvu tu yule anayetufunga.

La tatu: siku ya derby, kila mtu aende pamoja na mwenzake wa kazi wa timu nyingine, na warudi katika basi moja. Kuchekana, ndiyo. Bila kuchekana derby ni ya nini? Lakini kesho yake kwenye mkutano, tukae tukichanganyika.

Yule kijana, tuliandika mukanda juu yake kwa Inspection du travail. Mukanda una sahihi za watu wa buluu na manjano na za watu wa nyeusi na nyeupe, kwa sababu nilipita kwa kila mmoja, mlango kwa mlango, kuomba msamaha kwanza, halafu sahihi. Jibu bado tunalingojea. Mimi sitachoka.

Na derby ijayo nitakuwa mahali pangu pa siku zote, na flana ya baba. Nataka tuwapige Mazembe, tena sana, mpaka wasahau njia ya Kamalondo. Lakini kama ni sisi tutakaopigwa, nimeahidi mbele ya bibi yangu na mbele ya yule kijana: juu ya kocha nitanyamaza siku 14 za kazi. Ndiyo preavi yangu. Zikiisha, tutakaa chini tuongee.